Mkwe Wangu na Upepo wa Kusini

Juzi nilimsikia mmoja wenu pale ufukweni akisema kwamba upepo wa kusini ukianza, mvuvi hana kazi ila kulala na kusubiri. Sikumjibu, maana alikuwa anakula, na mtu anayekula haulizwi maneno. Lakini neno lile lilinifuata mpaka nyumbani. Mimi upepo huo ndio ulionilisha, na mke niliye naye nilimpata kwa sababu yake. Kwa hiyo kaeni, niwaeleze.

Nilivua kwa kijiko. Kijiko chenyewe ni kile cha chai, kikishabadilishwa kazi. Unakata mkia, unakigonga taratibu juu ya chuma mpaka kipinde kidogo, unatoboa tundu mbele na tundu nyuma. Mbele unafunga mshipi, nyuma unatia ndoano, na kwenye ndoano unafunga unyoya mweupe wa kuku au uzi mwekundu. Ukikivuta majini kinayumba na kumetameta kama ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyeumia. Samaki mkubwa ni mvivu kama sisi. Hapendi kumkimbiza mwenye afya, anamtafuta mgonjwa. Basi kazi yako yote ni kuugua vizuri.

Aliyenifundisha ni Papa Mulongo, fundi wa bati aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya reli hapa Kalemie, kisha akachoka na king'ora akahamia kwenye maji. Wakati ule nchi ilikuwa Zaire, na Jumamosi sote tulitolewa kwenda salongo, kufagia na kufyeka mji bila malipo. Watu walikwenda wamenuna. Papa Mulongo peke yake alikwenda anaimba, na fagio lake mwenyewe. Alikuwa anaomba apangwe upande wa nyuma ya karakana, kwenye takataka. Mkubwa wa salongo akadhani ni raia mwenye bidii kupita wote, akamsifu mbele ya watu. Kumbe mzee alikuwa anaokota vipande vya shaba na bati anatia mifukoni, akavikate kuwa vijiko vya kuvulia. Alirudi nyumbani suruali inalia kama kengele ya misa, na wiki nzima tulikuwa na vijiko vipya.

Siku ya kwanza aliyonipeleka kwenye upepo nilifanya kosa ambalo nimeona nusu ya vijana wa mji huu wakilifanya. Samaki walikuwa wanaruka upande upepo unakotoka. Mimi nikasimama ndani ya mtumbwi, nikakizungusha kijiko juu ya kichwa, nikakitupa kuwaelekea. Kijiko kilikwenda kidogo, upepo ukakishika, ukakirudisha. Ndoano ikaingia kwenye sikio langu la kushoto.

Papa Mulongo aliweka kasia lake chini. Kisha akasema, "Katika ziwa zima, wa kwanza kukamatwa njo wewe."

Hakuivuta kwa nyuma, na ninyi msifanye hivyo siku itakapowapata. Aliisukuma mbele mpaka ncha ikatokea upande wa pili, akaikata ncha kwa koleo, ndipo akaitoa. Nina kovu mpaka leo. Wajukuu wangu wanadhani ujanani nilivaa hereni.

Tangu siku ile sikutupa tena kijiko kuukabili upepo. Unakaa chini, unaupa mgongo, unakiachia kijiko kiende nao polepole, na mshipi unaushusha chini karibu na maji, usiinue mkono juu, maana upepo utaupinda kama kamba ya kuanikia nguo na hutasikia samaki akigusa. Na kijiko cha siku ya upepo kiwe kizito kuliko cha siku ya utulivu. Vijiko hivi vya plastiki vyenye macho yaliyochorwa, vinavyovuka kutoka Kigoma, sivikatai, vinakamata. Lakini upepo ukipanda vinaelea juu ya wimbi kama maganda ya ndizi. Funga kipande kizito cha risasi mbele yake, utaniambia.

Sasa nije kwa Feza.

Feza alikuwa anashuka na treni kutoka Nyunzu, analeta unga wa muhogo wa baba yake kuuza soko la hapa, anakaa kwa shangazi yake nyuma ya stesheni ya gari la moshi. Mimi nilikuwa sina mke na nilikuwa nakula bukari, ugali wetu wa muhogo, mara moja kwa siku, lakini nilinunua unga kila aliposhuka, mpaka panya wa nyumba yangu wakanenepa. Mwisho aliniuliza, "Kisimba, unakulaka huu unga wote, ao unaujengea nyumba?" Nikamwambia ukweli. Hakukataa. Alisema tu niende kwa baba yake.

Nilikwenda Nyunzu na samaki wakavu na kanga ya mama yake. Baba yake, Papa Kalumba, alikuwa mtu mfupi, mpana, mkulima wa sifa. Alinipokea vizuri. Alinionyesha shamba lake lote kwa miguu, kutwa nzima, muhogo, karanga, mahindi, kisha tulipoketi akaniuliza shamba langu liko wapi. Nikasema sina, mimi ni mvuvi. Akauliza tena, upepo ukipiga juma zima, mke wangu atakula nini. Nikasema tunavua hata kwenye upepo. Akatabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akisema atanunua treni.

"Kijana," akasema, "mimi nitakuja kwenu mwezi wa saba. Watu wameniambia njo mwezi upepo inapigaka sana. Nitakuja kuona."

Na alikuja kweli. Treni ilichelewa siku mbili, yeye hakuchelewa hata kidogo, maana siku aliyoshuka ndiyo siku upepo ulianza. Ulivuma mchana, ukapumzika kidogo, ukavuma tena. Mitumbwi ya ndagala ilivutwa juu ya mchanga ikalala tumbo juu. Sokoni hapakuwa na samaki mbichi. Papa Kalumba, aliyetoka mbali kuja mji wa ziwa, alikula sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila sahani ilikuwa inasema kwa niaba yake.

Msiniulize kwa nini mimi nami sikwenda siku hizo tatu. Upepo haufanani siku zote. Kuna siku mawimbi yanakuja moja moja, unaweza kuyasoma. Na kuna siku povu jeupe limeungana kutoka ufukweni mpaka mwisho wa macho. Siku ya namna hiyo ya pili ni ya kutengeneza ndoano nyumbani. Papa Mulongo alizika ndugu wawili ambao hawakutaka kujua tofauti hiyo.

Siku ya nne Papa Kalumba alitufuata ufukweni. Wavuvi wengine walikuwa wamekaa wanashona nyavu. Alisimama mbele yetu, mikono nyuma.

"Sasa, Kisimba," akasema. "Leo siku ya ine niko naangalia ziwa yenu. Ziwa njo hii. Wavuvi njo hawa. Samaki iko wapi?"

"Iko ndani ya maji, Papa."

"Na muhogo wangu iko ndani ya udongo. Lakini mimi hata upepo ipige, naenda kuichimbua."

Wavuvi wenzangu walicheka, nami nikasikia masikio yanawaka, na lile lenye kovu zaidi. Papa Mulongo alikuwa anasugua kijiko kwa majivu. Hakuinua kichwa. Aliangalia tu mawimbi kwa pembe ya jicho, akasema, "Kesho itapungua kidogo. Kesho asubuhi, Papa, uingie naye ndani ya mutumbwi. Uone namna anachimbua."

Nilidhani atakataa. Alisema sawa.

Jioni hiyo Feza alinisubiri njiani. Hakuwa anacheka.

"Papa hajui kuogelea," akaniambia.

"Najua."

"Umurudishe. Bila samaki, bila ndoa, vyovyote. Umurudishe tu."

Nilimuahidi. Sikulala vizuri, nawaambia wazi. Mvuvi anayeogopa kurudi mikono mitupu ni mvuvi hatari, na mimi nilikuwa na hofu mbili zinavutana. Kabla ya kulala nilichagua moja. Nilisema moyoni, nikiona hatari nitamrudisha mzee ufukweni na kumpoteza Feza.

Asubuhi alikuja amevaa abakosti yake ya kijivu, ile suti yake ya misa, na mkononi ameshika kapu kubwa jipya.

"Hiyo kapu ni ya nini, Papa?" nikamuuliza.

"Ya kubebea samaki yenu," akasema. Na wavuvi wakapata tena la kucheka.

Tulimkalisha katikati, chini kabisa, matako kwenye maji. Katika upepo mtu akikaa juu ya ubao mtumbwi unalewa. Alitazama abakosti yake ikinywa maji, akalipakata kapu lake. Papa Mulongo akashika nyuma, mimi mbele, tukapiga kasia kuelekea kusini, tukibana ukingo, mahali wimbi ni fupi. Shikeni hili kuliko yote niliyosema: siku ya upepo unakwenda kwanza kule unakotoka upepo, ungali na nguvu, ili baadaye uchovu ukikukamata upepo wenyewe ukurudishe nyumbani. Wanaofanya kinyume wanashuka na upepo kwa furaha, samaki wanajaa, kisha wanageuka na kuona mji uko mbali na mikono imekwisha.

Papa Kalumba alianza Salamu Maria. Kila wimbi lililotupiga lilimkata maneno, naye akaanza upya. Sidhani alifika mwisho hata mara moja mpaka tulipofika kwenye mawe.

Pale tuliacha kupiga kasia. Papa Mulongo akatupa majini kapu letu kuukuu, lililofungwa kwa kamba mbele ya mtumbwi. Kapu hilo likijaa maji linavuta kama ng'ombe mkaidi, basi mtumbwi unaukabili upepo kwa pua na kushuka polepole. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Upepo ukikupeleka mbio, kijiko kinaruka juu ya maji na samaki anakicheka. Kikienda polepole, kinaugua.

Tuliachia mishipi. Tukashuka kipande cha kwanza bila kitu. Kipande cha pili mimi nikapata mkebuka mmoja, mwembamba kama mwiko. Papa Kalumba alimtazama, akalitazama kapu lake, akalipangusa maji. Lingekuwa neno ningelivumilia.

Ndipo kamba ya kapu letu ilipokatika.

Mtumbwi uligeuka ubavu. Wimbi la kwanza likaingia lote, likamfunika mzee mpaka kifuani. La pili lilikuwa linakuja. Papa Mulongo aliukaza mtumbwi kwa kasia, misuli ya shingo imemtoka, akasema kwa sauti ile ile ya kila siku, "Papa Kalumba, lete kapu."

Mzee alilikumbatia. "Hii nilifuma mwenyewe."

"Njo maana naiomba."

Waliangaliana, wazee wawili, mmoja wa udongo na mmoja wa maji. Kisha Papa Kalumba akanyoosha mikono. Mimi nikafunga kamba ya akiba kwenye masikio ya kapu, nikalitupa. Lilizama, likajaa, na pua ya mtumbwi ikageuka kuukabili upepo taratibu, kama mtu anayegeuka aliyeitwa jina lake. Wimbi la tatu tulilipanda tu.

Nawaambia haki, lile kapu la Nyunzu lilishika maji kuliko kapu lolote nililowahi kutumia. Lilifumwa kwa mkono wa mtu asiyetaka hata karanga moja ianguke njiani. Mtumbwi ulituliza mwendo mpaka nikasikia kijiko changu kikitembea, tik, tik, tik, kwenye kidole.

Lakini maji yalikuwa yamejaa ndani na lazima mtu ayatoe. Nilimuuliza Papa Kalumba kama turudi ufukweni. Alijibu, "Kapu yangu iko ndani ya maji. Siwezi kuiacha." Basi nikampa mshipi wangu.

"Shika hii, Papa. Usiizungushe mukononi. Ikivuta, iachie. Ikipumzika, vuta wewe."

"Mimi nimeshika kamba ya mbuzi tangu utoto," akasema.

Nilikuwa nimemwaga makopo labda ishirini niliposikia ananiita, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Kisimba. Nimekamata jiwe."

"Hapa hakuna jiwe, Papa. Chini ni mbali."

"Basi jiwe inatembea."

Niligeuka nikauona mshipi unakata maji kwenda kando. Nilitaka kuuchukua. Papa Mulongo akanigusa mgongo kwa kasia. "Muache," akasema. "Ni yake."

Vijana wangu, nimeona watu wengi wakipambana na samaki, lakini sijaona mwingine kama yule mzee. Samaki alipovuta, aliachia, na mshipi ukamchoma viganja. Nilirarua kipande cha shati langu, nikakilowesha, nikamtia mikononi. Samaki alipopumzika, alivuta, anamsemesha kwa Kiluba, maneno ambayo baadaye Feza alinieleza ni ya kumbembeleza beberu aingie zizini. Salamu Maria aliisahau. Mawimbi aliyasahau. Alikuwa amepiga magoti ndani ya maji na abakosti yake, macho yamemtoka, na mara mbili nilimshika mkanda asije akamfuata samaki wake.

Alipotokea juu, ubavu mmoja, mweupe kama sahani, niliinama kumtazama. Alikuwa sangala, kutoka goti langu mpaka kidevu. Kijiko kilikuwa kwenye kona ya mdomo, kimeshika barabara. Mashavu ya sangala yanakata kama wembe, kwa hiyo nilizungushia mkono kitambaa kabla ya kumwingiza. Papa Mulongo alimgonga mara moja kichwani. Tukamlaza katikati ya miguu ya Papa Kalumba, na mzee akaweka mkono juu yake, hakuuondoa tena.

Baada ya hapo ziwa lilifunguka. Labda tulikuwa tumefika mahali upepo ulikosukumia ndagala, maana ndege weupe walianza kutumbukia mbele yetu, na mikebuka ikaja, mshipi wa Papa Mulongo, mshipi wangu, tena wake. Tulivua mpaka tulipoona bandari iko sawasawa nasi. Hapo tukavuta kapu, tukakata mawimbi kuelekea ufukweni kabla maji hayajatupitisha mpaka mdomo wa Lukuga, mto unaotoka ziwani. Lazima ujue wapi pa kuacha, hata samaki wakiwa wanakuita.

Wavuvi walikuwa wamesimama majini kutusubiri. Wale wale. Hakuna aliyecheka. Walishika mtumbwi huku na huku, wakaupandisha mchangani na sisi tukiwa ndani yake kama machifu.

Kapu lilikuwa zima, mikebuka ililijaza, lakini sangala hakuingia. Tukampitisha kasia kwenye mashavu. Nilitaka kumbeba na Papa Mulongo, lakini Papa Kalumba alichukua ncha ya mbele, akaiweka begani.

"Tupite soko," akasema.

"Nyumba iko upande huu, Papa."

"Najua nyumba iko wapi. Tupite soko."

Tulipita soko, polepole, mkia wa samaki unachora mstari kwenye vumbi. Akina mama waliacha sombe zao. Mmoja akauliza, "Papa, mumeitoa wapi, na hii upepo yote?"

"Ndani ya maji," akajibu Papa Kalumba, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

Feza alikuwa amesimama mlangoni kwa shangazi yake. Alimtazama baba yake kwanza, kutoka kichwani mpaka miguuni. Alipoona yuko mzima ndipo akamtazama samaki, na mwisho mimi. Nilikuwa tayari kuwa wa tatu siku ile.

Tulikula, na majirani wakala, na ndugu za majirani. Papa Kalumba alikula, viganja vyake vimefungwa kitambaa, Feza anammegea bukari. Alipomaliza alinawa, akanitazama, akamwambia binti yake, "Feza, huyu analima. Ila shamba yake inatingishika."

Hiyo ndiyo ruhusa yenyewe, hakuongeza nyingine.

Tulifunga ndoa Nyunzu, masika ilipokwisha. Watu walikuja kutoka vijiji vyote vya njia ya reli. Nilipoketi na Feza mbele yao niligundua kwamba habari ilikuwa imefika kabla yangu, imekua njiani, na imenipoteza mimi kabisa. Katika habari ile Papa Kalumba alikuwa amekwenda Kalemie, amekuta wavuvi wamelala kwa woga, amechukua mtumbwi na kwenda kwenye upepo kuvua sangala mwenye urefu wa mtu mzima. Papa Mulongo, aliyekuwa amekaa karibu yetu na suti ya kuazima, alisikiliza yote kwa heshima na kuomba asimuliwe tena.

Mzee mmoja, ndugu wa baba mkwe, aliniinamia akaniuliza, "Sasa wewe, mukwe, siku ile ulikuwa wapi?"

Nilimwona Papa Kalumba upande wa pili wa uwanja, ananitazama, anangoja.

"Nilikuwa mbele, Papa," nikajibu. "Nilikuwa namupigia kasia."

Chini ya meza Feza alinikanyaga mguu, akauacha mguu wake pale.